Zote kweli, zote uongo, au moja tu? Ulinganisho kwa mpwa wangu aliye Iringa

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili chuoni, Iringa. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti, anaongea chinichini kama mtu aliyejibanza kwenye korido ya hosteli: "Shikamoo mjomba. Chumbani tuko wanne. Mimi Moraviani, mmoja Mkatoliki wa Tosamaganga, mmoja Mwislamu wa Ilula, wa nne anasema yeye hana dini. Jana tumebishana mpaka saa nane usiku. Huyu Mkatoliki anasema dini zote ni za kweli, ni njia tofauti tu. Huyu asiye na dini anasema dini zinapingana, kwa hiyo zote ni uongo. Yule wa Ilula akasema ya kweli ni moja, akageukia ukutani akalala. Mimi sikuwa na la kusema. Mjomba, mtu achague ipi?"

Nilimpigia, kifurushi kikaisha nikiwa katikati ya sentensi. Ninayoyaandika hapa ndiyo yaliyobaki, na najua hayuko peke yake mwenye swali hili.

Niseme kwanza nilipokaa, maana katika jambo hili hakuna anayepima akiwa hewani. Mimi ni mtu wa Tukuyu, Moraviani tangu kwa babu. Shangazi yangu aliolewa na Mwislamu akasilimu, na mpaka leo anauza mchele Mwanjelwa, soko la jijini Mbeya. Binamu yangu mmoja ni Mlokole, haonji hata ulanzi, pombe ya mianzi, mtamu uliogemwa asubuhi hiyohiyo. Tukikutana msibani, dua inasomwa, sala inasaliwa, na ugali unaliwa kwenye sinia moja.

Twende kwanza Mwanjelwa

Atakayenunua mchele Mwanjelwa ataambiwa na kila muuzaji kwamba huu ni wa Kyela. Chukua wauzaji watatu waliokaa mstari mmoja. Kila mmoja akisema, "Mchele wangu ni wa Kyela," hakuna ubishi hapo. Wote watatu wanaweza kuwa wakweli, kwani Kyela inavuna mchele mwingi. Sasa mmoja aongeze neno: "Wa Kyela hapa sokoni ninao mimi tu." Jirani yake naye aseme hivyohivyo. Neno hilo dogo, *tu*, limebadilisha kila kitu. Hawawezi kuwa wakweli wote wawili. Anaweza kuwa mkweli mmoja wao. Na wanaweza kuwa waongo wote, mchele wote mstari mzima ukawa umetoka Usangu, ukabadilishiwa gunia tu.

Kwa hiyo chaguo mbili za hosteli, "zote kweli" na "zote uongo", hazina uzito sawa, ingawa watu huziweka kama mapacha. Penye "mimi tu" mbili zinazogongana, "zote kweli" haiwezekani kabisa, na "zote uongo" inawezekana.

Mwenzako asiye na dini asifurahi mapema. Inawezekana haina maana ndivyo ilivyo. Wauzaji wawili wakigombania mchele wa Kyela, huwezi kutoka hapo ukatangaza kwamba sokoni hakuna mchele wa Kyela. Ugomvi wao umekuambia jambo moja tu, kwamba angalau mmoja anakosea. Kujua ni nani, au kama ni wote, lazima uufungue mchele, unuse, upike. Hatua hiyo ya pili ndiyo watu wengi huiruka. Wanasikia dini zinapingana, wanafunga hesabu.

Na si mabishano yote yana sura ya Mwanjelwa. Umewahi kufika kwenye kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililokalishwa juu ya nguzo yake? Maandishi ya zamani yanasema lina tani 25. Siku hizi wanakadiria tani 16. Kauli hizo mbili zinapishana: haziwezi kuwa kweli zote, ila zinaweza kuwa makosa zote, kama uzani wake halisi ni tani 18. Lakini mmoja akisema jiwe hili lilitoka angani na mwingine akasema halikutoka angani, hapo hakuna pa kujificha. Mmoja lazima awe amepata, hata kama amebahatisha. Ya kwanza ni kupishana, ya pili ni kukanushana. Shika tofauti hiyo, tutaihitaji tukifika kwa huyo asiye na dini.

"Zote ni za kweli"

Ninaelewa kwa nini inapendwa. Ni kauli ya ujirani mwema. Nchi yenyewe imejengwa hivyo: Serikali haina dini, watu wake wanazo, na ibara ya 19 ya Katiba inamlinda kila mtu na imani yake. Hata sensa haijauliza dini ya mtu tangu mwaka 1967. (Kwa hiyo anayekuambia kijiweni "sisi ndio wengi" anakupa maneno yake mwenyewe. Na hata wangekuwa wengi, ukweli haupigiwi kura.)

Kauli hii ina nguvu kweli pale tunapotofautiana majina. Wanyakyusa tunasema Kyala. Wahehe na Wabena wanasema Nguluvi, Wakinga Nguluve. Biblia ya Kiswahili imeandika Mungu, na tafsiri za Kurani kwa Kiswahili zimeandika Mungu hivyohivyo. Nyota ya alfajiri na nyota ya jioni ni Zuhura ileile, hata kama mchungaji wa ng'ombe aliyeziona kwa nyakati mbili alizipa majina mawili. Ukiwasikia wawili wanagombania jina, inawezekana kabisa wote wako sawa.

Ila jina moja nalo linaweza kubeba vitu viwili. Monica Wilson, mtafiti aliyekaa kwetu Rungwe miaka ya 1930, aliandika kwamba katika masimulizi ya wazee Kyala alikuwa shujaa wa kale wa kuheshimiwa, wa jamii moja na Lwembe, shujaa mwingine wa masimulizi hayo. Wamisionari ndio waliolichukua jina hilo wakalipa maana ya Muumba wa vyote. Bibi yangu aliyeimba "Kyala" kanisani na babu yake aliyelitaja jina hilo kichakani hawakuwa lazima wanamtaja mmoja. Kufanana kwa neno hakujamaliza kazi.

Kauli hii ina nguvu pia kwenye amri. Huyu hali nguruwe, yule anakula. Wasabato wanapumzika Jumamosi, sisi Jumapili. Amri inaweza kutolewa kwa huyu isitolewe kwa yule, kama baba anayemwambia mtoto mmoja achunge na mwingine alime. Kurani yenyewe, sura ya 5 aya ya 48, inasema kila umma umewekewa sharia na njia yake. Ule mzozo wa nani achinje uliosumbua nchi mwaka 2013 ulikuwa wa aina hiyo, suala la kanuni na heshima. Hakuna aliyekuwa anauliza kama ng'ombe yupo.

Tatizo linaanza tunapofika kwenye habari, yaani jambo lilitokea au halikutokea. Hapa watu huleta mfano wa mlima: njia ni nyingi, kilele ni kimoja. Sisi tuliokulia chini ya Rungwe tuna haki ya kuuliza maswali mawili. La kwanza: umejuaje kwamba njia zote zinafika juu, kama hujafika juu ukazitazama zote zikipanda? Anayesema hivyo kwa upole anajiweka mahali pa juu kuliko mapadri na masheikh wote, yeye peke yake ndiye aliyeiona ramani nzima. La pili: nani amekuambia wote wanapanda Rungwe? Mwingine ameshika njia ya Ziwa Ngozi, na hana haja na kilele chako. Mkristo anangoja ufufuo wa mwili. Mbudha wa shule ya zamani anatafuta kuzima kiu inayomrudisha mtu duniani kuzaliwa tena na tena, na hamhitaji Muumba katika safari hiyo. Kuwaambia wote wawili "mnakwenda palepale" ni kutowasikiliza.

Aliyeijenga hoja hii kwa umakini kuliko wa kijiweni ni John Hick, Mwingereza aliyezaliwa 1922 na kufa 2012. Aliishi Birmingham, akaona misikiti, masinagogi na mahekalu ya Kalasinga, akaona watu wema kote humo. Akasema kuna Uhalisi mmoja uliozidi maneno yote, na kila dini inauona kwa miwani ya utamaduni wake. Ni hoja nzuri, na nimeizungusha kichwani miaka. Lakini hesabu gharama yake. Ili dini zote ziwe kweli, Hick analazimika kusema Utatu si habari za Mungu alivyo, ni miwani ya Wakristo, na kwamba Mungu ni mmoja asiyezaa wala kuzaliwa nayo ni miwani ya Waislamu. Bibi yako wa Mwanjelwa, yule shangazi yangu, ukimwambia hivyo atakuuliza kama umekuja kununua mchele au kumtukana. Kwa maana hiyo, "zote kweli" ikibanwa inageuka kuwa "zote zimekosea katika yale zinayoyasema kwa sauti kubwa zaidi". Inakaribia sana chaguo la pili, ila imevaa vizuri.

"Zote ni uongo"

Huyu wa chumbani mwenu simdharau. Ana hoja mbili nzito.

Ya kwanza ni ya kuzaliwa. Kwa nini mimi ni Moraviani? Kwa sababu mwaka 1891 Wamoraviani na Walutheri wa Berlin walifika kwetu karibu wakati mmoja, wakagawana maeneo, na ukoo wetu ukaangukia upande wa Wamoraviani. Mwenzako Mkatoliki je? Wabenediktini Wajerumani walijenga Tosamaganga miaka ileile Mkwawa alipokuwa anapigana porini, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wakonsolata kutoka Italia wakaichukua. Mpaka uliochorwa na wageni ndio uliotuamulia kitabu cha nyimbo. Aliyeliona jambo hili zamani kuliko wote ninaowajua ni Mwislamu, al-Ghazali, aliyefariki 1111. Alieleza jinsi alivyoona watoto wa Wakristo wanakua Wakristo, wa Wayahudi Wayahudi, wa Waislamu Waislamu, na hilo likamnyima raha mpaka akaanza kuchunguza upya kila alichokipokea.

Lakini angalia alichofanya: alichunguza. Hakuhitimisha kwamba vyote ni bure. Mtoto aliyezaliwa karibu na shule anajua saba mara nane ni hamsini na sita, aliyezaliwa mbali pengine hajui. Bahati ya mahali imeeleza kwa nini anajua, haijaigusa hesabu yenyewe. Na hoja hii inamkata aliyeishika pia, maana kijana wa Iringa wa leo mwenye simu na intaneti ana nafasi ya kutokuwa na dini ambayo babu yake hakuwa nayo. Naye amezaliwa mahali na wakati.

Ya pili ni ya miujiza. Mskoti David Hume aliiandika mwaka 1748: kila dini inaleta miujiza yake kama ushahidi, na dini zikipingana, ushahidi wa hii unaubomoa wa ile. Nenda viwanja vya Ruanda Nzovwe siku ya mkutano wa injili, utasikia shuhuda za walioponywa. Nenda kwa anayeandika kombe, aya za Kurani zinazooshwa kwa maji ya kunywa, utapata shuhuda. Kwa mganga vilevile. Hume angesema mahakamani mashahidi hawa wanafutana. Mimi naona amepunguza nguvu yao, hajaimaliza. Mgonjwa aliyepona anashuhudia kwamba amepona. Hashuhudii juu ya Utatu. Ni wahubiri ndio wanaobebesha uponyaji mmoja mzigo wa mafundisho yote, na wakibanwa hapo wanastahili.

Sasa turudi kwenye kimondo. Mwenzako anasema dini zinapingana, kwa hiyo *zote* ni uongo. Chukua palipo na mgongano mkubwa kuliko wote hapo chumbani. Wakristo wanasema Yesu alikufa msalabani. Kurani, sura ya 4 aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. (Waahmadiyya, ambao Kurani yao ya Kiswahili ilitoka mwaka 1953, wanafundisha kwamba aliwekwa msalabani lakini hakufia pale. Nao wako upande wa "hakufa".) Alikufa msalabani, au hakufa msalabani. Hii si tani 25 na tani 16. Hii ni kukanushana. Hapa "zote uongo" haiwezekani, kama ambavyo "zote kweli" haiwezekani. Asiye na dini lazima achague, na wanahistoria wengi wasioamini lolote huchagua kwamba alisulubiwa akafa. Mrumi Tacitus, ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, aliandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Kwa hiyo kwenye swali hili mwenzako, akifuata wanahistoria hao, yuko upande mmoja na Mkatoliki wa Tosamaganga. Atashangaa.

Kwenye swali la Mungu ni nani, ana nafasi zaidi. Nafsi tatu, au mmoja asiye na mshirika, au mizimu na wahenga walio karibu na Muumba aliye mbali: hizo zinapishana, na zote zinaweza kuwa zimekosa. Hapo "zote uongo" inaingia mlangoni bila kuinama. Ila aingie na ushahidi wake mwenyewe mkononi, asiingie na ugomvi wa wengine.

Yaani anayesema "zote uongo" huwa anazungumzia dini kama gunia moja lililofungwa. Dini ni maelfu ya kauli, na nyingi kati ya hizo zinagongana kidogo sana. Usiibe, mlipe kibarua ujira wake, mzike jirani yako. Akizitupa zote kwa sababu ya zile chache zinazogongana, atakuwa amemwaga maharage kwa sababu ya changarawe.

"Moja tu"

Hii ndiyo inayoogopwa, na mara nyingi inaogopwa kwa sababu isiyofaa. Watu wa rika langu wanaikumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, vipaza sauti, mmoja ameshika Biblia mwingine Kurani, umati unacheka na kuzomea. Tukaondoka na somo kwamba anayesema "moja tu" anatafuta vita. Si lazima. Mwalimu anayesema jibu ni moja hampigi aliyekosa. Mwenzako wa Ilula alisema ukweli ni mmoja akalala, na asubuhi, naamini, mlichota maji pamoja.

Faida yake ni kwamba inazichukulia dini kwa maneno yao. Petro katika Matendo 4:12 anasema wokovu hauko katika mwingine awaye yote. Kurani 3:85 inasema atakayetafuta dini isiyo Uislamu haitakubaliwa kwake. Hayo ni "mimi tu" za wazi, na wenye chaguo hili hawazilainishi. Paulo alikwenda mbali zaidi, akawaambia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri yake ni bure na imani yao ni bure. Huyo ni muuzaji aliyekufungulia gunia ujionee. Ninamheshimu kuliko anayesema mchele wote ni mzuri.

Udhaifu wake unajulikana pia: hukurupuka kutoka "hapa sisi tumepata" mpaka "kila kitu chao ni giza". Kanisa Katoliki lenyewe lililitenganisha hilo mwaka 1965, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wake, liliposema halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine, bila kuacha kumtangaza Kristo. Na Kurani 2:62 inawataja Mayahudi na Wakristo wanaomwamini Mungu na Siku ya Mwisho na kutenda mema, kwamba wana ujira kwa Mola wao; wafasiri wanatofautiana namna ya kuisoma aya hiyo pamoja na ile ya 3:85. Kumbe ndani ya "moja tu" kuna vyumba vingi. Mwenzako Mkatoliki akiulizwa na padri wake, pengine atagundua kwamba hayuko kwenye "zote kweli" alikodhani yuko.

Nikiwekwa nichague

Mpwa wangu, kama unachotafuta ni amani chumbani, chaguo zote tatu zinaweza kuileta na zote tatu zinaweza kuivunja. Nimewaona wa "zote kweli" wakiwakasirikia vibaya wanaokataa kukubaliana nao. Usichague kwa kipimo hicho.

Kama unachotafuta ni ukweli, acha kuchagua gunia, chagua kauli moja moja. Kwenye majina na amri, kaa karibu na Mkatoliki wako. Kwenye mafundisho juu ya Mungu mwenyewe, mpe huyu asiye na dini kiti, msikilize, yanaweza kuwa yamekosa yote na ni halali kuuliza. Kwenye yaliyotokea au hayakutokea, kaa na wa Ilula: ya kweli ni moja, hata kama wewe na yeye mtatofautiana ni ipi. Mimi ninaamini kaburi lilikuwa tupu. Shangazi yangu anaamini hakuna aliyewekwa humo. Mmoja wetu amekosea, tunalijua hilo sote wawili kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado mchele wangu wa Krismasi nanunua kwake, naye ananiongezea kibaba.

Usiku wa leo mkianza tena, usimwulize asiye na dini kama Mungu yupo, mtafika saa nane hamjatoka mlangoni. Mwulize ile Ijumaa, nje ya Yerusalemu, mtu yule alikufa au hakufa. Halafu mwulize Mkatoliki kama yuko tayari kumwambia wa Ilula, kwa jina lake, hapohapo, kwamba "hakufa" nayo ni kweli. Nitumie watakachojibu. Safari hii nimeweka kifurushi cha wiki.